Asiyesoma Ubao

"Asiyesoma ubao asilaumu ubao."

Maneno manne tu, lakini Shangazi aliishi nayo mwaka mzima kama kokoto ndani ya kiatu. Aliambiwa mbele ya foleni ya watu, kwenye dirisha la ofisi ya wanafunzi, na mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Madam Muhuri. Na wala hakuambiwa kwa ukali. Aliambiwa kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Foleni ikacheka. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana hasira isiyo na sababu ni wazimu, na Shangazi hakuwa na wazimu hata kidogo.

Kwanza, pale chuoni hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Jina hilo alipachikwa siku ya kwanza, alipoingia darasani na begi la mgongoni la binti yake, darasa zima likasimama likidhani ni mwalimu. Kilikuwa chuo cha jamii, cha watu wanaosoma baada ya kazi, kabla ya kazi, au wakati wakiitafuta hiyo kazi, kwa hiyo umri haukuwa aibu. Lakini vijana ni vijana. Walimwita Shangazi, naye akalivaa jina likamkaa.

Kabla ya hapo alikuwa msafishaji wa maabara ya hospitali kuu kwa miaka kumi na minne. Alipiga deki ile sakafu asubuhi kabla wataalamu hawajaingia, akaipiga tena mchana walipokwenda kula. Vile viti virefu vya kwenye hadubini alivijua kwa miguu yake, kwa sababu miguu ndiyo aliyoipangusa. Siku moja mtaalamu mmoja mwenye roho nzuri akamwambia, "Panda uchungulie, mama, haiumi." Akapanda. Akaona tone la damu ya mtu asiyemjua limegeuka vijiduara vyekundu visivyo na idadi. Akashuka, akachukua ndoo yake. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani, kukaa kwenye kiti kile akiwa mwenye kiti.

Na njia ilikuwepo. Kila mwaka hospitali kuu ilikipa chuo nafasi ya mafunzo ya maabara. Mwaka mmoja wa kujifunza, halafu ajira. Masharti yalikuwa mawili: uwe umefika mwaka wa pili, na usiwe umevuka miaka arobaini na mitano. Barua ya nafasi hiyo ilikuja kiangazi, katikati ya likizo ndefu, wakati madarasa yamefungwa na nyasi za uwanjani zimekauka. Kanuni ya chuo ilisema tangazo ligongwe muhuri, libandikwe ubaoni siku saba, lipigwe picha yenye tarehe, na picha iwekwe kwenye faili. Basi. Kanuni haikusema ubao upi.

Unaona mwanya ulipo? Madam Muhuri aliuona miaka mingi kabla yetu.

Mwaka ule wa kwanza wa Shangazi kustahili, tangazo lilibandikwa kwenye ukumbi wa zamani. Ukumbi huo ulikuwa unapakwa rangi, mlango umefungwa kwa mnyororo, na ndani hakukuwa na kiumbe ila ngazi na madebe ya rangi. Likakaa siku saba. Likapigwa picha. Likabanduliwa. Mwombaji akawa mmoja tu, mtoto wa dada yake Madam Muhuri, kijana mpole ambaye baada ya miezi miwili aliacha mafunzo akisema harufu ya dawa inampa kichwa. Kiti kikabaki kitupu miezi kumi.

Kiti kitupu. Kingekuwa kimekaliwa na mtu anayekitaka, huenda Shangazi angemeza na maji. Lakini kitupu? Alipokwenda dirishani kuuliza, Madam Muhuri alifungua faili, akamwonyesha picha, tarehe inang'aa pale chini, akamwambia yale maneno manne. Halafu akaongeza, akiwatazama waliokuwa nyuma, "Na wewe mama, labda ni macho. Umri nao." Foleni ndiyo ikacheka hapo.

Shangazi alirudi nyumbani kwa miguu, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa kiangazi kilichofuata kikafika, na Shangazi akatimiza arobaini na mitano. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Ikipita likizo hii bila nafasi, biashara imekwisha.

Mwaka huo chuo kilikuwa na mkuu mpya, bwana mmoja mwembamba aliyependa kutembea na daftari. Aligundua kwamba wanafunzi wakienda likizo hawajui tena kinachoendelea chuoni. Akaamuru pawe na jarida la likizo, ukurasa mmoja kila wiki, litumwe kwenye simu ya kila mwanafunzi. Akataka mwanafunzi mmoja wa kuliandaa kama kazi ya likizo. Shangazi alikuwa wa kwanza kuomba. Mkuu alifurahi, akamsifu kwa moyo wa kujitolea.

Moyo wa kujitolea! Shangazi alitaka meza iliyo karibu na ile ofisi, nasema kweli. Za mwizi ni arobaini, na yeye alitaka awepo siku ya arobaini, tena akiwa amekaa mbele.

Lakini kazi ni kazi, na mtu aliyepiga deki miaka kumi na minne hajui kufanya nusu. Alizunguka chuo chote na kalamu. Akakuta kompyuta kumi na moja za kuazimisha zimefungiwa kabatini maktaba, hakuna aliyewahi kuziazima kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa. Akakuta chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi, kina godoro na midoli, mlezi wake anasuka mazulia kwa kukosa mtoto wa kulea. Akakuta mwalimu wa hesabu anayekaa bure kila Jumanne na Alhamisi akisubiri wenye maswali, na mshauri wa wenye mawazo mazito ambaye mlango wake ulikuwa umezibwa na kabati la mafaili. Yote akayaandika kwa maneno mafupi, saa, chumba, nani umuulize. Wiki ya pili kompyuta zote kumi na moja zilikuwa zimeondoka kabatini, na mlezi alikuwa na watoto sita na hana nafasi ya kusuka chochote.

Jarida halikutoka bila muhuri. Kila Ijumaa Shangazi alipeleka ukurasa dirishani, na Madam Muhuri aliugonga. Sikiliza hapa vizuri: hakuwahi kuusoma hata mstari mmoja. Miaka ishirini na mbili alikuwa anagonga karatasi, na mkono wake ulikuwa umejifunza kufanya kazi bila macho. Alikuwa anaongea na simu, anageuza karatasi, *gup*, nyingine. "Habari za watoto hizo," alisema. "Mradi hamna matusi."

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, barua ya hospitali kuu ikafika.

Shangazi aliiona ikiingia. Nembo ya hospitali alikuwa ameivaa kifuani miaka yote ile, asingeikosea. Akasubiri. Alhamisi asubuhi Madam Muhuri akamwita ofisini, ndani, si dirishani, akafunga mlango na kummiminia chai.

"Kaa, dada yangu."

Dada yangu. Shangazi akakaa.

"Mwaka jana tulikwaruzana kidogo," Madam Muhuri alisema. "Yaliyopita si ndwele. Mwaka huu Mungu ametuonea huruma, wametoa nafasi mbili. Mbili! Binti yangu wa mwisho yuko mwaka wa pili, naye anastahili. Na wewe upo. Wawili kwa mbili. Wakiomba wawili tu, hospitali haina haja hata ya kuwapa mtihani, mnaingia moja kwa moja."

"Na tangazo?"

"Litabandikwa. Mimi sivunji kanuni. Ukumbi wa zamani, kama kawaida."

"Ukumbi umefungwa, Madam. Paa linavuja."

"Ndiyo maana nikasema kama kawaida." Akasukuma funguo juu ya meza. "Nenda ukabandike wewe mwenyewe, mimi magoti yananisumbua. Piga picha, tarehe ionekane. Jarida liache na mambo yake ya maktaba. Leta fomu yako sasa hivi niigonge, ya binti nimeshaigonga."

Fomu ya binti ilikuwa juu ya meza, imeandikwa nambari moja. Shangazi alijaza yake palepale, ikagongwa, ikaandikwa nambari mbili. Madam Muhuri akatabasamu na kumsogezea sukari.

Na chai ilikuwa nzuri, huo ndio ukweli. Alikunywa yote.

Nyumbani alimkuta binti yake, msusi, anapanga vitana na vibanio vyake kwenye sinia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na ulimi usio na breki. Shangazi akamsimulia yote, akaweka funguo mezani.

"Haya, hongera," binti akasema. "Lini unaanza?"

"Nitaanzaje, na yule ndiye amenipa?"

"Mama. Kiti kina jina la aliyekupa? Nyamaza, kaa kimya, ingia. Ukishaajiriwa ndiyo umseme, umseme mpaka uchoke, ukiwa umekaa juu ya kiti chako kirefu."

"Nikinyamaza nitakuwa nimekula naye sahani moja."

"Basi kula. Umekaa na njaa miaka mingapi?"

Shangazi akazigeuza funguo mezani. Binti akamtazama, akaacha vitana.

"Unataka kuyatangaza," alisema taratibu. "Mama, wakiomba watu mia, kuna mtihani. Wewe hesabu zinakusumbua. Utakosa. Unataka kuchoma nyumba yetu ili umuunguze panya mmoja?"

"Panya mwenyewe alinicheka."

"Mwaka jana!"

"Hata leo asubuhi bado alikuwa ananicheka. Nilikuwepo."

Binti akarudi kwenye sinia lake. "Mimi nimesema," akasema. "Usije ukaniambia sikukuambia."

Na usidhani Shangazi hakuyapima. Aliyapima. Alipokuwa anaandaa mboga alijiona amekaa kwenye kiti cha dirishani, koti jeupe, jicho kwenye hadubini, na mtu mwingine anapita nyuma yake na deki. Akaona raha mpaka akasahau kuzima jiko. Halafu akajiona akitoka pale jioni na kukutana na Madam Muhuri njiani, na Madam Muhuri akimwuliza, kwa ile sauti ya kamba za viatu, "Kazi inaendeleaje, dada yangu?" Kila siku mpaka kustaafu. Angelazimika kusema nashukuru. Raha yote ikakatika. Angeweza kusamehe kunyimwa. Kushukuru asingeweza, na sitakudanganya kwamba alikuwa anawafikiria wanafunzi wenzake. Hata mmoja hakumpita kichwani.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifungua mnyororo wa ukumbi wa zamani. Ndani kulinuka unyevunyevu, na katikati ya sakafu ilikaa ndoo ya kukingia maji ya paa. Akabandika tangazo ubaoni, pini nne, limenyooka. Akarudi nyuma hatua sita ili picha ichukue kila kitu, tangazo, tarehe, ndoo, na mlangoni ule mnyororo ukining'inia na kufuli lake. Akapiga. Alitii alichoambiwa neno kwa neno.

Halafu akakaa mezani akaandika jarida. Juu aliweka ile picha. Chini yake akaandika: "Nafasi mbili za mafunzo ya maabara, hospitali kuu, zinazoishia kwenye ajira. Tangazo limebandikwa kwenye ukumbi wa zamani. Ukumbi wa zamani umefungwa. Kwa hiyo tunakuletea tangazo ulipo." Akaandika masharti yote, na mwisho wa kupokea fomu. Kisha mstari wa mwisho kabisa: "Fomu zinapatikana na kugongwa muhuri kwa mkono wa Madam mwenyewe, dirishani, kuanzia Jumatatu saa mbili. Mwenye mtoto amlete, chumba cha watoto kiko wazi. Mwenye hofu ya hesabu, mwalimu yupo Jumanne na Alhamisi."

Akalipeleka dirishani. Madam Muhuri alikuwa anaongea na simu, anamwelekeza mtu jinsi ya kuoka keki. Angeteremsha macho mara moja tu, mambo yangeishia pale. Picha ilikuwa pale juu, kubwa.

"Mayai manne, siyo matatu," alisema kwenye simu. *Gup.* "Umepiga ile picha?"

"Nimepiga, Madam."

"Tarehe inaonekana?"

"Inaonekana vizuri sana."

"Safi, dada yangu." Akamrudishia karatasi.

Saa nne kamili jarida liliingia kwenye simu elfu mbili na kidogo. Shangazi akaenda maktaba, akasoma gazeti la juzi kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, wala hakuelewa neno.

Jumatatu alifika saa moja na nusu, akakuta foleni imeshatoka dirishani, imepita korido, imezunguka uwanja na kufika getini. Kulikuwa na waliokuja na sare za kazi za usiku na waliokuja na watoto mgongoni. Mlinzi alikuwa anawapanga wawili wawili. Shangazi akavuta kiti chake, akakiweka mahali ambapo angeona dirisha vizuri, akakaa. Alikuwa amejiandalia chupa ya chai.

Madam Muhuri alifika saa mbili na dakika tano. Alipita katikati ya watu akiuliza kuna nini, kuna nini, mpaka kijana mmoja akamwonyesha simu. Alisoma jarida kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe. Shangazi aliutazama uso wa Madam alipokuwa akisoma, na nikikuambia kwamba ile ndiyo ilikuwa raha kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kushinda siku ya arusi yake, amini.

Madam Muhuri akamjia, akainama, akanong'ona. "Umefanya nini wewe?"

"Nimepiga picha, Madam. Ulisema tarehe ionekane."

"Nani amekuruhusu kutuma?"

Shangazi akatoa ile karatasi kwenye faili. Muhuri wa duara, wino wa bluu, umekaa juu ya neno "umefungwa" kama umelengwa.

Madam Muhuri akautazama muhuri wake. Akaingia ndani, akafungua dirisha, akaanza kugonga. Kanuni ilimtaka agonge kila fomu na kuiandika nambari kwa mkono wake. Akagonga asubuhi nzima. Saa tano wino uliisha, akatumwa mtu dukani. Saa saba alihamia mkono wa kushoto. Kila alipoinua macho alimkuta Shangazi pale pale na kikombe chake, na Shangazi kila mara alimwinulia kikombe kidogo, kwa heshima zote. Mtenda akitendewa hudhani ameonewa. Uso wa Madam Muhuri siku ile ulikuwa wa mtu aliyeonewa na dunia nzima.

Saa nane mkuu wa chuo akatoka na daftari lake kuangalia ile foleni. Jarida alikuwa amelisoma.

"Madam," alisema mbele ya watu wote, "huu ukumbi uliofungwa, nani alichagua tangazo likabandikwe humo?"

"Tangazo lilibandikwa, mkuu," Madam Muhuri alisema. "Kanuni inasema libandikwe."

Foleni ikacheka. Ilikuwa foleni ndefu kuliko ile ya mwaka jana, na kicheko chake kilifika getini. Mkuu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, akaomba aletewe mafaili ya miaka yote ya nafasi hiyo.

Fomu zilifika mia mbili themanini na sita. Hospitali ikasema basi, kwa wingi huo kutakuwa na mtihani. Shangazi akajiandaa, usidhani alijikalia. Alienda kwa mwalimu wa hesabu kila Jumanne na Alhamisi, akakuta chumba kimejaa hadi mlangoni. Watu aliowaita mwenyewe walikuwa wamekalia viti vyote, na mwalimu aliyekuwa akisubiri wenye maswali sasa alikuwa hana dakika mbili za mtu mmoja. Shangazi alisoma akiwa amesimama. Binti yake alimpikia wiki nzima.

Wakafanya mtihani. Baada ya siku kumi matokeo yakaja, na safari hii mkuu aliyabandika mwenyewe kwenye ubao wa getini, uso kwa uso na barabara. Hayakuwa na majina, yalikuwa na nambari za fomu na alama, kuanzia aliyeongoza mpaka wa mwisho.

Shangazi alifika mapema. Na sasa ndipo nataka uelewe kisasi kilikuwa kimeingia wapi ndani ya yule mwanamke. Hakuanza kutafuta nambari mbili. Alianza kutafuta nambari moja. Aliteremsha kidole kutoka juu, akapita kumi, akapita ishirini, akapita hamsini, na kila alivyoteremka ndivyo kifua kilivyozidi kufunguka. Nambari moja ilikuwa ya tisini na nne. Akacheka peke yake mpaka mlinzi akageuka.

Ndipo akapandisha kidole kutafuta yake.

Wa kwanza ilikuwa nambari mia moja na kumi na saba. Wa pili, mia mbili na tatu. Halafu ulichorwa mstari kwa rula. Chini ya mstari, wa tatu, nambari mbili. Walipishana na wa pili kwa alama moja.

Akabaki na kidole pale kwenye mstari. Hakujua amesimama muda gani. Alipogeuka, Madam Muhuri alikuwa kando yake. Hakuwa tena wa dirishani. Mafaili ya mkuu yalikuwa yamesema mengi, na tangu wiki iliyopita alikuwa anahesabu viti vibovu ghalani. Alikuwa na vumbi kwenye mabega. Naye alikuwa amesoma orodha yote, nambari moja na nambari mbili.

"Ningekupa," alisema. Hakunong'ona wala hakukaripia, alikuwa amechoka tu. "Kilikuwa chako. Ulikuwa umeshagongewa. Leo ungekuwa unapimwa koti."

"Najua."

"Wote hawa umewaita wewe. Kwa mkono wako. Sasa umepata nini?"

Shangazi alikuwa na jibu. Alikuwa amelitunza mwaka mzima, amelinoa kila usiku kabla ya kulala, na huu ndio ulikuwa wakati wake.

"Wa tisini na nne, Madam," alisema. "Asiyesoma ubao asilaumu ubao."

Madam Muhuri aliyapokea maneno yale bila kupepesa. Akatikisa kichwa kidogo, akageuka, akarudi ghalani akichechemea kwa yale magoti yake. Shangazi akasubiri raha ije. Ilikuja, sitasema haikuja. Lakini ilikuja ndogo, ikakaa kidogo, ikaondoka.

Bado alikuwa amesimama pale msichana mmoja alipofika mbio, mtoto mgongoni amelala, akasoma orodha mara tatu, akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mia mbili na tatu. Akageuka, akamtambua, akamshika mikono yote miwili.

"Shangazi! Ni wewe uliyeandika. Mimi nilikuwa nimeshaacha chuo, nakuapia. Niliona kuna chumba cha watoto ndiyo nikasema ngoja nijaribu. Bila wewe nisingejua. Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru," Shangazi alisema. "Sikukuandikia wewe."

Msichana akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Wote walikuwa wanadhani hivyo siku hizi. Mkuu alikuwa ameshamwandikia barua ya pongezi yenye neno "uadilifu" mara mbili. Shangazi alimtazama yule msichana, umri wa binti yake, alama moja tu juu yake, na kwa muda mzima wa kuhesabu mpaka kumi alimchukia. Alimchukia hasa. Alitamani harufu ya dawa impe kichwa naye, aache, kiti kibaki kitupu.

"Wanasema ulifanya kazi kule maabara," msichana alisema, akimweka mtoto vizuri mgongoni. "Kukoje? Mimi naogopa hata kuingia."

Shangazi alifungua mdomo kusema hajui. Angeweza kusema hajui, hakuna ambaye angemlaumu. Akaufunga. Akapangusa mikono kwenye gauni kana kwamba imelowa.

"Watakupa kiti cha dirishani," alisema mwishowe. "Wapya wote huwapa hicho. Mguu wake wa kushoto wa nyuma ni mfupi, kinayumba, na ukiyumba huoni kitu kwenye hadubini. Kunja karatasi mara nne, uweke chini ya huo mguu kabla hujakaa. Kila asubuhi, maana wanaodeki huitoa."

"Umejuaje yote hayo?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naiweka," Shangazi alisema, akachukua begi lake la mgongoni, akaenda kuandaa jarida la Ijumaa.